Usiicheke Picha Kabla Hujakitazama Kioo

Likizo iliyopita alinijia mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka kumi na saba, mkononi ana kisanduku cha diski za kompyuta alichokitoa katika kasha la babake. Aliniamkia, "Shikamuu, ami," nami nikamwitikia marahaba. Na hata hajaketi akaanza kucheka. Akanieleza kuwa mchezo ulioandikwa jina lake juu ya kisanduku kile ameupata kwenye mtandao, ameufungua kwenye televisheni kubwa ya sebuleni kwao, na alichokiona ni matofali yanayotembea. "Ami," akaniuliza, "nyinyi na baba mlikuwa mkiona nini humu?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinichoma, ingawa kijana hakukusudia ubaya. Babake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Haikumbuki sauti yake wala mwendo wake. Alivyoachiwa ni vitu vichache: msahafu, saa ya mkononi, kofia mbili, na kisanduku hicho. Basi akikifungua kitu ambacho babake alikipenda na kukesha nacho, kisha akaona upuuzi mtupu, hasara si ya mchezo peke yake. Huenda akadhani kuwa babake alikuwa mtu wa kufurahishwa na upuuzi.

Ndipo nikaona niandike, kwani jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Wako wengi leo, wazee na vijana, wanaoirudia michezo ya kompyuta ya miaka ya themanini na tisini, wakaitazama kwenye vioo vipana vya siku hizi, wakavunjika moyo. Mzee husema, "Kumbe ilikuwa mibaya hivi!" Kijana husema, "Watu wa zamani walikuwa wakiridhika na kidogo." Mimi nasema wote wawili wanakosea. Mara nyingi ubaya tunaouona si wa picha bali ni wa kioo tunachoitazamia. Kirekebishe kioo kwanza, kisha ucheke ukiweza.

MICHEZO YENYEWE NI IPI?

Sisemi juu ya michezo ya kupiga risasi wala ya mbio za magari. Nasema juu ya ile michezo ya safari na vitendawili, ambayo mchezaji huingia ndani ya hadithi, akatembea, akauliza watu maswali, akaokota kitu hapa na kukitumia kule, mpaka kisa kimalizike. Mchezo wa kwanza wa namna hii haukuwa na picha hata moja. Aliutunga Will Crowther mnamo mwaka 1976 kwa ajili ya binti zake, akatumia ujuzi wake wa pango kubwa la Mammoth Cave katika jimbo la Kentucky, Marekani. Mwaka uliofuata Don Woods akauongeza na kuupanua. Mchezaji alisomewa kwa maandishi alipo, naye akaandika anachotaka kufanya. Mwaka 1980 Ken na Roberta Williams wakatoa Mystery House, uliokuwa na picha za mistari mitupu. Mwaka 1984 ukaja King's Quest, ambao ndani yake mtu aliweza kutembea mbele na nyuma ya miti. Na mwaka 1990 Ron Gilbert na wenzake wa Lucasfilm Games wakautoa The Secret of Monkey Island, ambao hata leo watu huukumbuka kwa kicheko.

Mchezo uliokuwa katika kisanduku cha kaka yangu unaitwa Quest for Glory II: Trial by Fire. Ulitolewa mwaka 1990 na kampuni ya Sierra On-Line, iliyokuwa katika mji mdogo wa Oakhurst, California. Waliotunga ni mtu na mkewe, Corey Cole na Lori Ann Cole. Kaka yangu alirudi nao kutoka Dubai mwaka 1993, pamoja na kompyuta iliyokuwa nzito kama gunia la mchele, na kioo chake kile chenye kichogo.

Na kwa nini mchezo huu ulitunasa sisi watu wa pwani? Kwa sababu mji wake tuliujua kabla ya kuuona. Unaitwa Shapeir, nao ni mji wa jangwani wa kubuniwa, wenye vichochoro vilivyopindana, maduka ya manukato na viungo, wabadili fedha, na sultani aitwaye Harun al-Rashid. Kila aliyelelewa akisimuliwa hikaya za Alfu Lela Ulela atamjua sultani huyo, na hatashangaa akigundua kuwa yule mshairi Omar, anayekuja kusoma mashairi katika nyumba ya wageni, ndiye sultani mwenyewe aliyejificha. Mji unashambuliwa na viumbe vya moto, upepo, udongo na maji, kimoja baada ya kingine. Mchezaji hashindi kwa upanga peke yake. Kile cha moto, kwa mfano, huvutwa kwa ubani, kikadhoofishwa kwa maji, kisha kikafungiwa ndani ya taa. Kaka yangu alipokitambua hicho alicheka usiku wa manane mpaka mama akatugongea ukuta.

Sitaficha kuwa hiyo ni Arabuni ya kutungwa na Wamarekani, si Arabuni ya kweli. Yamo majina yaliyotumiwa ovyo. Hata jina la Iblis limepewa jini mmoja wa hadithi aliyefungwa tangu enzi za Suleimani. Msomaji wetu ana haki ya kukunja uso hapo, nami nilikunja. Lakini tumezisoma na kuzisimulia hikaya zenye majini na wachawi tangu utotoni, tukajua hadithi ni hadithi na dini ni dini. Na katika mchezo uliofuata, wa mwaka 1992, watunzi hao hao wakaipeleka hadithi yao katika Afrika ya kubuniwa. Wakawaita watu wa huko Wasimbani, mwanamke shujaa wakamwita Uhura, mwanawe Simba, na msichana mmoja Johari. Yumo hata kijana anayecheza na shujaa mchezo wa mbegu na mashimo, wa ukoo mmoja na bao letu. Hebu fikiria vijana wawili wa Mombasa, usiku, wakisikia lugha yao ikichungulia ndani ya kompyuta iliyotengenezwa ng'ambo!

ALICHOKIONA KIJANA

Basi nilimfuata kijana mpaka kwao nikaangalie hayo matofali. Na kweli, niliyoyaona sikuyatambua. Mji wa Shapeir ulikuwa umevutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kuba zilikuwa zimebonyea kama chapati. Shujaa wetu, aliyekuwa kijana mwembamba, alikuwa amenenepa kama mtu aliyelishwa harusi saba mfululizo. Na rangi zilizokuwa zikikaa pamoja kwa upole zilikuwa zimegeuka madoadoa ya kuumiza macho. Ningalikuwa mimi ndiye ninayeuona mara ya kwanza, ningalicheka pia.

Sasa nieleze kisa chake, maana hakina uchawi.

Picha ya mchezo huu imeundwa kwa nukta 320 kwa upana na mistari 200 kwa kimo, jumla yake nukta 64,000. Vioo vya zama zile vilikuwa na umbo la nne kwa tatu: penye shubiri nne za upana pana shubiri tatu za kimo. Lakini ukipiga hesabu utaona kuwa 320 kwa 200 si nne kwa tatu. Ili iwe hivyo mistari ingepasa kuwa 240. Je, kompyuta ilifanyaje? Iliivuta picha kwa kimo mpaka ikajaza kioo, na kila nukta ikawa ndefu kidogo kuliko upana wake. Wachoraji nao walikuwa wakichora mbele ya vioo hivyo hivyo. Duara walilolikubali ni lile lililoonekana duara kwenye meza zao.

Televisheni ya kijana ina umbo la kumi na sita kwa tisa, na nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili. Ikiamrishwa iijaze picha ya zamani kioo kizima, kila nukta huvutwa mara sita kwa upana, na mara tano na sehemu nne za kumi kwa kimo. Tazama yanayotokea. Nukta iliyokuwa ndefu sasa imekuwa pana, kwa hivyo watu wananenepa na kuba zinabonyea. Tena, kioo hakiwezi kuikata nukta yake moja vipande, kwa hivyo mistari mingine hupewa tano na mingine sita, au picha nzima hupakwa ukungu ili isionekane hitilafu. Ni kama mkeka ambao shupatu zake moja nyembamba, ya pili pana, ya tatu nyembamba. Hata fundi awe hodari namna gani, maua ya mkeka huo yatapinda.

Hiyo ni aibu ya kwanza, na dawa yake ni nyepesi. Mwambie mchezo ukae katika umbo lake la nne kwa tatu. Kwenye televisheni kama ile picha itachukua nukta 1,440 kwa upana na 1,080 kwa kimo, na pande zote mbili patabaki weusi. Weusi huo huwaudhi watu wengi; husema, "Nimenunua televisheni kubwa, kwa nini niache nafasi?" Mimi huwajibu kuwa picha ya ukutani nayo ina fremu yake, na hakuna aliyewahi kumvuta marehemu babu yake katika picha mpaka ajaze ukuta.

RANGI KUMI NA SITA

Aibu ya pili ni ya rangi. Mchezo ule ulitumia rangi kumi na sita tu. Hapakuwa na rangi ya mchanga wa jioni wala ya ukuta wa chokaa uliopigwa na jua la alasiri. Basi wachoraji wa zama zile walizichanganya kwa hila: wakaweka nukta ya rangi moja na nukta ya rangi ya pili kwa zamu, kama vyumba vya ubao wa drafti, na jicho likazichanganya lenyewe likaona rangi ya tatu ambayo haimo. Mmoja wa mafundi wakubwa wa hila hiyo ni Mark Ferrari, ambaye kazi yake katika mchezo wa Loom wa mwaka 1990 hupewa mfano mpaka leo na wachoraji walio wadogo kwake.

Kile kioo chenye kichogo kilisaidia hila hiyo. Ndani yake mwali ulikuwa ukipiga unga unaong'aa, na kingo za kila nukta hazikuwa kali. Zilikuwa na ulaini fulani, na rangi mbili zilizopakana ziliweza kushikana. Tena kioo chenyewe kilikuwa kidogo. Kioo cha siku hizi huonyesha kila nukta kwa kingo kali kama zilizokatwa kwa wembe, na televisheni ya sebuleni huzikuza mpaka kila moja ikawa kama jiwe la tasbihi. Jicho haliwezi tena kuchanganya. Hila ya fundi imefichuliwa, na mtazamaji hudhani fundi hakujua kazi.

Dawa yake pia si ngumu. Kwanza, rudi nyuma. Mchezo uliochorwa kwa kioo kidogo usiutazame ukiwa umekaribia kioo kikubwa kama mtu anayesoma gazeti. Au uweke katika sehemu ndogo ya kioo, usiukuze wote. Pili, ziko programu zinazoiga ulaini wa vioo vya zamani, nazo zinafaa zikitumiwa kwa kiasi. Lakini jihadhari. Wengine huongeza mistari meusi mizito juu ya picha wakasema ndivyo ilivyokuwa. Sisi tuliokuwa na vioo vya kompyuta vya miaka ya tisini hatukuiona mistari hiyo, kwa sababu kila mstari wa picha ulikuwa ukichorwa mara mbili. Na ziko programu nyingine ambazo kazi yake ni kulainisha kila pembe mpaka nyuso zikawa kama nta iliyoyeyuka. Hizo mimi sizipendi, kwani humtoa mchoraji wa kwanza zikamtia mwingine asiyejulikana.

Tulifanya hivyo mimi na kijana. Tuliufungua mchezo kwa programu ya ScummVM, iliyoanza mwaka 2001 na ambayo hutolewa bure na watu wanaojitolea. Tukauweka katika umbo lake, tukautia ulaini kidogo, tukasogeza viti nyuma mpaka mlangoni. Kuba zikasimama. Shujaa akakonda. Ukuta wa mji ukapata rangi ya mchanga. Kijana hakusema kitu kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ni mji." Sikumwongezea neno.

JE, PICHA ZISICHORWE UPYA?

Najua pingamizi nitakayoletewa. Watasema: kwa nini tujisumbue na umbo na ulaini? Kompyuta za leo zina nguvu. Michezo hiyo na ichorwe upya, vijana waipende, yaishe.

Sipingi kuchora upya. Jambo hilo limefanywa mara nyingi, na mara nyingine vizuri. Sierra wenyewe waliuchora upya mchezo wa kwanza wa Quest for Glory mwaka 1992. Huu wa pili hawakuuchora, na mwaka 2008 kundi la wapenzi wake liitwalo AGD Interactive likautoa ukiwa umechorwa upya kwa rangi nyingi, wakaugawa bure, na pahali pa kuandika maneno wakatia kipanya. Ni kazi ya mapenzi, na anayeushindwa ule wa zamani na aanze na huo. Mwaka 2023 Ken na Roberta Williams, wakiwa wazee, walilichora lile pango la Crowther ambalo mwanzoni lilikuwa maneno matupu. Sasa waweza kutembea ndani yake ukiliona kila jiwe.

Ninachokipinga ni kuchora upya kisha ule wa kwanza ukatupwa. Wazee walituonya kwa kusema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mfano mwema ni ule wa Monkey Island uliotolewa upya mwaka 2009. Ndani yake kuna kitufe kimoja: ukikibonyeza, picha mpya hutoweka na ile ya 1990 hurudi pale pale, shujaa akiwa amesimama mahali pale pale, ukibonyeza tena, mpya hurudi. Mchezaji anawapa wachoraji wawili haki yao, akachagua mwenyewe. Hivyo ndivyo inavyopasa.

Kwani picha ya zamani ina kazi yake ambayo mpya haiwezi kuifanya. Uso wa mtu katika mchezo ule una nukta chache mno. Macho yake ni nukta mbili. Haionekani kama amekasirika au amehuzunika. Maandishi ndiyo yanayokuambia, na akili yako ndiyo inayouchora uso wenyewe. Kila mchezaji alikuwa na Shapeir yake. Yangu ilikuwa na harufu ya Mji wa Kale wakati wa magharibi. Ya kaka yangu, nadhani, ilikuwa na harufu ya Dubai. Anayesikiliza hikaya gizani haulizi mbona haoni picha. Mchezo wa namna hii umekaa baina ya hikaya na sinema, na ukiujaza picha mpaka pomoni, sehemu ya hikaya hufinywa.

Waliokwisha kuona nyumba za kale za Lamu zikitengenezwa wataelewa haraka. Fundi mwenye adabu huuliza kwanza nyumba ilijengwa kwa nini. Akiambiwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, hatii saruji kwa kuwa saruji ndiyo mpya. Ajua kuwa ukuta ule huvuta maji na kuyatoa, na saruji huyafungia ndani. Hasemi nyumba ni mbovu kwa sababu haifanani na ghorofa. Kwa michezo hii nasi tuanze na swali hilo hilo: ilitengenezewa kioo gani?

MCHEZO UNAOKUSUBIRI

Wako wasomaji wataosema, ami huyu amekosa la kufanya. Vijana wetu wamekwisha kuzama katika michezo, naye anawaongezea mwingine. Neno hilo nalichukua kwa uzito, kwa kuwa nina watoto na wajukuu. Lakini acha nitaje tofauti moja ambayo mzazi yeyote wa Kiislamu ataifahamu.

Michezo mingi ya leo huchezwa na watu wa mbali kwa wakati mmoja. Adhana ikitoka, kijana husema, "Siwezi kuacha sasa, wenzangu watashindwa." Chakula hupoa, mama huita mara nne. Mchezo wa zamani hauna mwenzi wa mbali anayekungoja. Unaweza kuusimamisha wakati wowote, ukaweka akiba mahali ulipofika, ukaenda kuswali, ukala, ukalala, ukarudi baada ya mwezi na ukamkuta shujaa amesimama ulipomwacha. Marehemu kaka yangu hakuwahi kukosa jamaa kwa ajili ya mchezo ule. Kila muadhini alipoanza, aliweka akiba na kuinuka. Na yako mafumbo ambayo aliyafumbua akiwa njiani kurudi kutoka msikitini, kwa sababu akili ilipata nafasi ya kupumua.

Tena michezo hiyo ni ya kusoma. Katika huu wa 1990 hakuna kubonyeza bonyeza peke yake; humpati mtu akuambie neno mpaka uandike swali lako kwa Kiingereza kinachofahamika. Sisi tulikuwa na kamusi mapajani. Na ukitaka sifa kubwa ya mwisho, ile ya kuitwa shujaa mwenye heshima, haitoshi kuua majitu. Mchezo unahesabu kama ulikuwa mkweli, kama ulimhurumia aliyegeuzwa mti, kama ulimfungulia aliyefungiwa. Sisemi huo ni uchaji Mungu. Nasema ni afadhali kuliko mchezo ambao hesabu yake ni maiti peke yake.

RAMANI YA KAKA

Liko jambo ambalo nimeliweka mwisho. Mji wa Shapeir una vichochoro vingi vinavyofanana, na mgeni asiye na ramani hapati hata duka la kubadili fedha. Waliouza mchezo walitia ramani ya karatasi ndani ya kisanduku. Ya kaka yangu ilikuwa imepotea Dubai. Basi alitembea kila kichochoro kwa usiku kumi na zaidi, akahesabu kila kona, akachora ramani yake kwa kalamu ya wino nyuma ya karatasi ya kalenda. Majina ya mitaa hakuandika ya mchezo. Aliandika ya kwetu, akaupa mtaa mmoja jina la jirani yetu aliyekuwa akiuza mahamri.

Karatasi hiyo ilikuwa imekunjwa chini ya zile diski. Kijana alikuwa ameiona, akadhani ni ramani ya Mombasa iliyochorwa vibaya. Siku ile ndipo nilipomweleza ni ya nini. Akaitandaza kwenye zulia, akaufuata mji kwa kidole, huku akiutazama kwenye kioo, kona kwa kona, akamkuta mbadili fedha mahali pale pale babake alipotia alama. Ule ndio wakati ambao mtoto huyu alitembea nyuma ya babake, na sikumbuki mwingine. Kama tungaliacha picha katika ubovu ule wa kunyooshwa, ramani ile ingalirudi kashani, na baada ya miaka michache ingalitupwa.

Kampuni ya Sierra ilifunga ofisi zake za Oakhurst mwaka 1999. Diski za kaka yangu hazisomeki tena. Unyevu wa pwani umezila. Michezo hii ipo leo kwa sababu wako watu waliokataa ife: waandishi wa programu kama ScummVM, na wauzaji kama GOG, walioanza mwaka 2008 kuiuza ikiwa imeandaliwa kwa kompyuta za kisasa. Lakini kuhifadhi faili peke yake hakutoshi iwapo anayefungua anaonyeshwa kitu kilichopotoka, akacheka na kufunga.

Na kwa vijana wetu nina neno moja zaidi. Msidhani picha za namna hii ni za kale tu. Iko programu ya kutungia michezo kama hii, Adventure Game Studio, iliyoanzishwa na Mwingereza Chris Jones mwaka 1997, nayo ni bure. Ndiyo iliyotumiwa na wale waliouchora upya mchezo wa kaka yangu. Mchezo wa picha za kisasa huhitaji mamia ya watu na mamilioni ya pesa. Mchezo wa nukta 64,000 huweza kutengenezwa na vijana watatu wenye kompyuta moja kuukuu: mmoja achore, mmoja atunge kisa, mmoja aandike programu. Tumeona wageni wakiibuni Arabuni yao na Afrika yao, wakatuazima na majina yetu. Ni nani wa kutuzuia kubuni Mombasa yetu, Siyu yetu, Pate yetu, kwa Kiswahili chetu, kwa rangi kumi na sita?

Lakini kwanza tujifunze kutazama. Ukiurudia mchezo wa zamani, ndugu msomaji, usianze kwa kuukuza. Uweke katika umbo la nne kwa tatu, ukubali weusi wa kando, zima vilainishi vinavyoyeyusha nyuso, vuta kiti nyuma, upe nusu saa. Ukiona baada ya hapo kuwa haukupendezi, uache, hakuna atakayekulaumu. Nasi kwetu mwana na ami wangali ndani ya Shapeir, kiumbe cha upepo kimeingia mjini, na kijana ananiomba nisimwambie dawa yake.